Mhariri, hiyo asparagasi ni ya msimu gani? Huku Nakuru tuko na minji

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Nakuru na poleni na kazi. Nimenunua gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata hii naiandika kwa simu nikingoja maji ichemke, kwa hivyo nikirukaruka mtanisamehe. Ni ile mapishi ya saladi ya pasta mliweka kwa ukurasa wa wikendi, ile mlisema haina nyama na ni ya mboga za msimu. Niliikata na makasi nikaiweka ndani ya Biblia kama hati ya shamba, kwa sababu mimi hufanya keterin ndogo ndogo huku Free Area, harusi za watu mia, matanga, besidei za watoto, nikajua siku moja itanifaa. Siku ikafika na ikaniaibisha mbele ya watu wa maana.

Wacha nieleze. Kijana wa dada yangu amepata msichana wa kutoka Nyamira na watu wa msichana wakasema wanakuja kuona boma. Ikawekwa Jumapili mwezi wa nane, si Jumamosi, kwa vile hao ni Waadventista na Jumamosi ni Sabato, hakuna mambo ya kuzunguka na matenga ya soda. Sisi ni Waluhya wa Kakamega tuliohamia Nakuru zamani, na unajua kwetu mgeni ni kuku. Mgeni asipowekewa kuku ni kama ameambiwa arudi alikotoka. Sasa siku tatu kabla, dada akanipigia akasema kumbe kati ya wageni kumi na wawili kuna wanne hawali nyama, na mmoja wao ni shangazi ya msichana mwenyewe, yule ambaye akikohoa wazee wote wananyamaza. Nikamwambia dada wewe lala, hiyo ni kazi ndogo, niko na karatasi.

Nikapika. Saladi ya pasta vile mlisema, na mayonezi vijiko vinne na chizi ya kukwaruza juu. Nikaongeza likhubi, ile kunde ya kwetu, nimeilaza na maziwa usiku mzima vile mama alinifundisha mpaka ikawa laini unaeza meza bila meno. Nikaongeza viazi vya kuponda na siagi. Meza ilikuwa inang'ara. Shangazi akasimama hapo na sahani akaniuliza kwa upole sana, "Mama, hii iko na nini?" Nikasema hiyo haina nyama mama, hata kidogo. Akauliza mayonezi hutengenezwa na nini. Mayai. Na hii mboga? Maziwa. Na viazi? Nikaangalia chini. Huyo mama alikula ugali na kachumbari, na hata kachumbari alikuwa anatoa pilipili moja moja na kijiko, na wenzake watatu wakamfuata hivyo hivyo, na dada yangu akawa ananiangalia kutoka mlangoni na yale macho ya mama yetu.

Sasa Mhariri, kwa kunde na viazi sikulaumu, hayo ni yangu. Lakini kwa saladi wacha tugawane.

Watu walipotoka nje kupiga picha nilimfuata shangazi nikamwomba msamaha, akacheka, akakaa na mimi jikoni kama saa nzima akinifundisha bila kunidharau. Akasema kuna wale hawali nyama tu, na kuna wale hawali kitu chochote kimetoka kwa mnyama, yaani nyama hapana, samaki hapana, mayai, maziwa, siagi, mala, hata asali hapana. Hao wa pili ndio vigani. Baadaye nilisoma kwamba hilo jina lilianzia Uingereza 1944, Donald Watson na wenzake waliona wale wa kuacha nyama tu wanaendelea kunywa maziwa, wakaamua kujiundia chama chao na jina lao. Si Waadventista wote wako hivyo, siku hiyo wanane walikula kuku yangu mpaka mifupa ikalia, lakini kanisa lao linahimiza watu wale vya shambani, na huko Nyanza si jambo la jana, misheni yao ya Gendia karibu na Kendu Bay ilianza 1906. Shangazi alikulia kwa nyumba kama hiyo, maziwa na mayai aliacha akiwa mtu mzima. Na akaniambia wazi kwamba yeye humeza tembe za vitamini B12 kwa sababu hiyo haipatikani kwa mboga, nikampenda kwa kusema ukweli, maana kuna watu hukuambia sukuma inatibu kila kitu.

Halafu hiyo chizi. Mliandika Parmesan. Mhariri, Parmesan yenyewe ya Italia inagandishwa na kitu kinatolewa kwa tumbo la ndama, kwa hivyo hata yule haachi maziwa, ameacha nyama tu, ana sababu ya kuikataa. Na nyinyi mliiweka kwa mapishi isiyo na nyama.

Sasa kuhusu msimu. Karatasi yenu ilisema nitafute asparagasi, ile mboga ya vijiti vya kijani, na figili na njegere changa, yaani minji, "za machipuko". Nilizunguka Wakulima Market nzima, nikapanda mpaka Top Market, nikauliza mama mmoja ananijua miaka kumi kama ako na asparagasi, akaniuliza hiyo ni dawa ya nini. Mwishowe nikapata supamaketi, vijiti sita vimefungwa na raba kama kalamu za mtoto wa nasari, bei yake karibu nusu kuku. Nikanunua, mjinga mimi.

Nilipotulia ndio nikaelewa kwamba hayo mapishi yametafsiriwa tu. Machipuko ni ya watu wa Ulaya, baridi ikiisha mwezi wa tatu hivi ndio mboga changa zinatoka ardhini na wanashangilia, na ni haki yao kabisa, mimi pia ningekaa kwa theluji miezi mitatu ningeshangilia hata figili. Lakini sisi ikweta inapita hapo Nyahururu na kule Maseno, tuko katikati ya dunia, hatuna machipuko. Tuko na mvua na jua. Mwezi wa nne huku ni matope, gari la nyanya limekwama huko ndani, nyanya yenyewe imeshikwa na ugonjwa wa majani kwa sababu ya unyevu, bei inaruka, na wakati huo huo majani yote yako bure karibu, sukuma, managu, kunde, terere. Jua likikaa sana inageuka, majani yanakuwa ghali na machache. Mwezi wa nane, ule wa aibu yangu, Nakuru ilikuwa imejaa minji na karoti na mahindi mabichi, kila kona mtu anachoma mahindi, minji kutoka Molo na Nyandarua iko kwa magunia, na mimi natembea na vijiti sita.

Yule mama wa sokoni alinifundisha kujua msimu bila kalenda. Alisema ukiona watu watano wamepanga kitu kimoja mstari mmoja na wote wanakuita kastoma kwa sauti, huo ndio msimu wake. Ukiona ni mtu mmoja ako nacho na hakuiti, ameweka mikono mfukoni, huo si msimu. Tangu siku hiyo nikiingia soko nasikiliza kwanza.

Sasa wacha niwape vile mimi hufanya siku hizi, na nimeshafanya mara kama saba, ya kwanza hata mbwa aliiangalia tu.

Kwanza pasta yenyewe. Niliogopa ikiwa na mayai tumemaliza kazi, lakini ile kavu ya paketi nyingi ni ngano na maji peke yake, mayai iko kwa ile mbichi ya friji na zingine za utepe na tambi kadhaa za kukaanga, kwa hivyo geuza paketi usome nyuma. Nunua ile imeandikwa durum, hiyo ni ngano ngumu, si hii ya mkate watu wanalima Njoro na Mau Narok. Ya durum inashika umbo, ile ya unga wa kawaida ikipoa inakuwa uji na hakuna maombi yataisaidia. Na usichukue supageti ndefu, saladi inataka zile fupi za kujipinda au za mrija ndio mboga na dresingi zipate mahali pa kujificha. Paketi ya gramu 400 ukiongeza mboga na maharagwe inalisha watu sita vizuri, mimi nimenunua juzi shilingi 110.

Maji lita nne, chumvi vijiko viwili vikubwa, usiogope, nyingi inabaki kwa maji. Na hapa Mhariri kuna kitu mapishi za kutafsiri hazitawahi kuwaambia. Paketi inasema dakika 11. Hiyo ni dakika 11 za mtu ako Mombasa kando ya bahari ambapo maji inachemka digrii 100. Nakuru tuko juu kama mita 1,850 na maji yetu inachemka kwa digrii 94 hivi, inaruka na kupiga kelele lakini joto haijafika ya Mombasa, kwa hivyo pasta inataka dakika 13 au 14, na huko Molo zaidi. Ndio maana maharagwe ya huku inamaliza gesi. Dada yangu mwingine ameolewa Kisumu, tuligombana kwa simu, yeye anasema dakika 12 mimi nasema 14, kila mtu anaona mwenzake hajui kupika, mpaka kijana ya dada mkubwa akatuambia nyote mko sawa, Kisumu ni mita 1,130 hivi, iko chini ya Nakuru. Tulicheka, lakini yeye bado anasema zangu zimezidi. Kwa vyovyote usipikie saa, pikia meno, toa moja uume. Ya kula moto unataka iwe na kiini kidogo, lakini ya saladi iache ilainike kidogo zaidi, kwa sababu ikipoa inakazana, na ukiitoa ngumu saa hii kesho utakuwa unatafuna raba.

Dakika tatu kabla ya kutoa, mwaga minji na karoti ndani ya hiyo sufuria hiyo hiyo, karoti umekata vipande vidogo kama vidole vya mtoto. Sufuria moja, gesi moja. Ukipata mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, nayo ni sawa, hiyo mpe dakika tano. Kisha mwaga yote kwa chekecheke na upitishe maji baridi mara moja haraka, najua Waitaliano watalia, wao hawaoshi pasta, lakini hiyo ni ya kula moto, ya saladi usipoiosha ule ute wa juu utaigandanisha ikipoa na utahudumia tofali. Kung'uta maji sana. Sana, narudia, kwa sababu maji yakibaki ndani ya mirija yanakuja kumwagika kwa sahani na dresingi yako yote inakuwa supu. Mimi huitandaza kwa sinia ipate hewa nikikata vitu vingine.

Mahindi mabichi nachemsha kando, halafu nasimamisha gunzi kwa bakuli na kukata punje kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Wengine hutumia ya kopo, sijui kwa nini, tukiwa na mahindi imesimama kila shamba. Hoho nyekundu na ya kijani. Nyanya ngumu, na toa mbegu na maji yake, hiyo ndio inaharibu saladi za watu wengi. Tango kama liko, lipake chumvi dakika kumi ukamue. Na maharagwe au kamande vikombe viwili, imeshachemshwa na kupoa. Hii usiruke, hasa kama mgeni wako ni vigani, kwa sababu bila hiyo umempa wanga na rangi tu. Niliambiwa ngano ina upungufu wa kitu kinaitwa laisini na maharagwe iko nayo kwa wingi, zikikutana zinakamilishana. Mara moja nikamkumbuka kukhu yangu, yaani bibi, na sufuria yake ya mahindi na maharagwe. Mume wangu alipoonja mara ya kwanza alisema hii ni githeri imesoma.

Dresingi ndio roho ya hiyo kitu na ndio mahali mayonezi ilikuwa imekaa. Mimi niko nazo mbili.

Ya kwanza ni kachumbari imepata mafuta tu. Kata kitunguu nyembamba sana, kamulia limau mbili tatu, tia chumvi, acha ikae dakika kumi, ule ukali unashuka na kitunguu kinakuwa pinki. Ponda kitunguu saumu punje mbili na chumvi. Kisha mafuta, ya alizeti ni sawa, kama uko na ya zeituni vizuri lakini usikope pesa. Vitabu vinasema mafuta mara tatu ya limau, mimi naona pasta inameza uchachu na kunyamaza nao, kwa hivyo mimi huweka mafuta mara mbili tu, vijiko nane kwa vijiko vinne. Mbona limau na si vinega? Kwa sababu shangazi aliniambia wazee wao wengine hawagusi vinega, wala pilipili manga, wala chai ya majani, na mimi nimeaibika mara moja inatosha. Na kusema kweli limau ni tamu zaidi.

Ya pili ndio napenda, na hiyo ni ya watu wa ziwa. Njugu. Dada wa Kisumu hunitumia njugu karanga na matatu, nakaanga bila mafuta, natoa maganda nikipeperusha nje, nasaga mpaka iwe laini. Vijiko vinne vya hiyo, limau, kitunguu saumu, chumvi, tangawizi kidogo ukitaka. Sasa ukianza kukoroga itakazana kama simiti na utadhani umeharibu, kila mtu anaogopa hapo, usiogope, endelea kuongeza maji vuguvugu kijiko kwa kijiko, ghafla itafunguka na kuwa nyeupe na laini kama uji mwepesi. Hiyo inashika pasta kushinda mayonezi yoyote nimenunua. Lakini uliza kwanza kama kuna mtu njugu humdhuru, hiyo si jambo la kuonea aibu kuuliza.

Wengine huponda parachichi, na ni nzuri sana kuanzia mwezi wa tatu hivi mpaka wa nane, ila inageuka kahawia ukichelewa kwa hivyo iwe ya mwisho kabisa na limau nyingi. Mwisho wa mwaka usijaribu, zile unapata wakati huo nyingi zimetolewa mtini kabla zikomae, zinanyauka badala ya kuiva, miaka ya karibuni hata serikali imekuwa ikifunga uvunaji wa zile za kuuza nje kwa sababu hiyo hiyo.

Ukichanganya, tia nusu ya dresingi pasta ikiwa bado na uvuguvugu kidogo, wakati huo inakunywa. Nusu nyingine weka kando mpaka wakati wa kupakua, kwa sababu ukiimaliza yote mapema watu watakula ikiwa kavu na wewe unaapa uliweka. Dania nyingi juu, na onja chumvi tena, kitu baridi huficha chumvi.

Huyo dada wa Kisumu naye ni mtundu, si wa kufuata maelekezo. Jumapili moja alitoka soko la Kibuye na osuga, hiyo managu yetu, akaichovya kwa maji moto, akakamua, akakata na kuchanganya na pasta na ile dresingi ya njugu. Nilipinga kabla nionje. Kumbe ule uchungu kidogo wa osuga na njugu ni ndugu, sasa mwezi wa nne na wa tano wakati minji imepotea na nyanya ni dhahabu, hiyo ndio saladi yangu, majani ndio msimu. Akajaribu pia na apoth, ile mrenda. Mhariri, usijaribu. Pasta ilikuwa inateleza kutoka kwa uma inarudi kwa sahani yenyewe kama samaki amekumbuka nyumbani.

Kitu kingine, na hapa sichezi. Saladi kwa sababu ni baridi watu hudhani haiharibiki. Tulifundishwa na mtu wa afya ya umma kwa semina yetu ya watu wa keterin kwamba wali na pasta iliyopikwa iko na mdudu anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinaponea hata kuchemshwa, na chakula ikikaa kwa joto anaamka anazaana, na kupasha moto tena hakuondoi sumu yake. Hiyo ndio ile kutapika ya baada ya matanga watu wanasingizia jirani mchawi. Kwa hivyo masaa mawili nje ya friji basi, na kama ni Kisumu chini ya paa la mabati saa saba mchana, lisaa limoja tu. Mimi hubeba kwa kulabox na barafu, nahudumia kidogo kidogo, bakuli ikiisha natoa nyingine.

Gharama nilipiga. Pasta, maharagwe, minji, karoti, mahindi mbili, hoho, limau, njugu, dania, na mafuta kidogo, nilitumia kama shilingi 450 kwa watu sita mwezi wa nane. Vijiti sita vya asparagasi peke yake vilinigharimu karibu hiyo.

Sasa ombi langu. Sikatai mtuletee mapishi za nje, pasta yenyewe ilitoka nje na tumeizoea, hakuna mtu analia. Lakini mkileta, mpeni mtu anayepika huku apitie kwanza. Badala ya machipuko aseme mvua za masika unaweka hii, jua likiwaka unaweka ile. Mkisema haina nyama, semeni pia kama iko na maziwa na mayai, ni maneno mawili tu hayamalizi wino. Na kwa nini kusiwe na kijisehemu kidogo hapo chini ya ukurasa, kila wikendi, nini imejaa soko ya Nakuru, nini imejaa Kibuye, nini imejaa Luanda na Kakamega wiki hii? Wale mama wa soko watawaambia bure, mnawapigia tu, na mkitaka hata mimi nitakuwa nawatumia ya huku Ijumaa nikitoka kununua vitu.

Mwezi ujao ni zamu yetu kwenda Nyamira. Nimeshauliza soko, minji inaanza kuisha lakini karoti iko, na dada wa Kisumu ametuma njugu kilo mbili. Kunde nitapika pia, sehemu mbili, moja na maziwa ya wazee wetu na moja bila, na sufuria ya bila nitaifunga kitambaa chekundu kwa mkono ndio nisichanganye.

Na mkichapa hii barua, tafadhali msiweke picha ya saladi iko na chizi juu.

Ni mimi,
Mama Keterin,
Free Area, Nakuru